Gari la Masika Huoshwa Kuanzia Chini: Mwongozo wa Matope kwa Madereva wa Kigoma na Tabora

Mvua za Kigoma na Tabora hazifuati mpangilio wa Pwani. Huku ni msimu mmoja mrefu: unaanza Oktoba mwishoni au Novemba, unapumzika kidogo Januari au Februari, kisha unaendelea hadi Aprili, wakati mwingine Mei. Lami imefika mbali kwenye barabara kuu, lakini matope yapo palepale: kwenye michepuko ya ujenzi, barabara za wilaya na vijiji, na mita mia mbili za mwisho kutoka lami hadi nyumbani.

Waosha magari wengi huanza na kinachoonekana. Boneti, milango, vioo, halafu tairi zinapakwa dawa ya kung'arisha. Gari linatoka linameta huku uvunguni na ndani ya fenda kuna kilo kadhaa za tope bichi linaloendelea kushika unyevu kwenye chuma. Sisi tunashauri kinyume chake: uvungu kwanza, bodi baadaye, na sehemu kubwa ya juhudi iende mahali ambapo hakuna atakayekusifia.

Jua tope lako

Kabla hujashika ndoo, angalia tope lina rangi gani.

Udongo mweusi wa mbuga, ule wa Igunga na bonde la Wembere, ni mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Huu unanatana wenyewe kwa wenyewe. Tabaka la kwanza likishika tairi, la pili linashika la kwanza, hadi gurudumu linajaa ndani ya fenda na kuanza kusugua. Gari dogo husimama kabisa hata kama halijazama, kwa kuwa magurudumu yamekosa nafasi ya kuzunguka. Ukikauka juani unakuwa mgumu kiasi kwamba watu huubandua kwa bisibisi, na rangi ya gari huondoka nao.

Udongo mwekundu wa nyanda za Kasulu na Buhigwe unateleza zaidi ya kunata. Ubaya wake ni doa. Wekundu ule ni chuma kilichokwisha kushika kutu, kwenye chembe ndogo sana zinazoingia kwenye plastiki nyeusi za bampa, vitambaa vya viti na rangi nyeupe iliyochoka. Gari jeupe likikaa na tope hilo kwenye vizingiti wiki mbili, usitegemee sabuni peke yake.

Kichanga cha Tabora mjini, Urambo na Sikonge kinadanganya. Kikikauka kinapukutika chenyewe, unaona hakina neno. Lakini punje hizo ndizo zinazokwaruza rangi chini ya kitambaa, na ndizo zinazoingia kwenye dramu za breki za nyuma na kula breki shuu kabla ya wakati wake.

Linavyopanda

Tope hung'ang'ania kwenye meno ya tairi hadi kasi ya mzunguko ishinde nguvu ya kunata, ndipo linarushwa. Ukienda chini ya kilomita 30 kwa saa, sehemu kubwa inaangukia ndani ya fenda. Ukifika 60 linapanda hadi vioo vya milango. Gurudumu la mbele huchafua kizingiti na mlango wa mbele upande wa chini. La nyuma hurushia bampa na kila kitu kilichofungwa uvunguni nyuma.

Kioo cha nyuma kina sababu yake. Magari ya mgongo wima kama Probox, Noah na Land Cruiser yanapokimbia huacha nyuma yake pengo la hewa yenye mgandamizo mdogo. Hewa inayorudi kujaza pengo hilo inabeba matone ya maji machafu kutoka kwenye magurudumu na kuyabandika kwenye kioo na taa. Kwa hiyo taa za breki zinafifia hata kama hakuna lori lililokurushia tope, na wewe uliyeko mbele huna habari.

Kabla mvua haijachanganya

Kazi hii ifanyike Oktoba, gari likiwa kavu.

Anza na raba za kuzuia matope nyuma ya magurudumu. Raba iwe pana kuliko tairi, na ncha yake ibaki kama sentimita 15 kutoka ardhini gari likiwa limepakia. Ikishuka zaidi ya hapo, siku ukirudi nyuma kwenye tuta tairi litaikanyaga na kung'oa plastiki ya fenda pamoja nayo. Plastiki hizo za ndani ya fenda, na kava la chini ya injini, mara nyingi zilishatolewa na fundi kwa kuwa vibanio vilikatika na zilikuwa zinapiga kelele. Zirudishe. Vibanio ni vya bei ndogo, na bila kava hilo mkanda wa alteneta unakula matope moja kwa moja: utausikia ukipiga mluzi asubuhi, halafu utaanza kuteleza na betri haitachaji vizuri.

Osha bodi, kausha, kisha paka polishi ya nta nusu ya chini ya gari: milango, vizingiti, bampa zote mbili. Rudia tena mvua zinapopumzika. Tope bado litashika, ila litatoka kwa maji bila kusuguliwa, na faida yote ya polishi iko hapo.

Zibua matundu ya kutolea maji. Yapo chini ya kila mlango, chini ya vizingiti, na kwenye kona mbili chini ya kioo cha mbele mahali majani hujikusanya. Njiti ya fagio la chelewa inatosha; waya utakwangua rangi na kuanzisha kutu palepale. Mlango ambao ukiufunga unasikia maji yakicheza ndani umeshaziba.

Jaza tangi la maji ya waipa na weka matone machache ya sabuni ya maji. Sabuni ya unga inaziba vitundu. Kwenye buti weka dumu la lita 5 la maji, brashi ya nailoni, vitambaa viwili na kipande cha mbao chenye ncha bapa cha kuchokolea tope.

Njiani

Dimbwi usilojua kina chake, gari liliingie kwa mwendo wa mtu anayetembea. Pamoja na uchafu, maji yanayoruka juu ya boneti yanaweza kunyonywa na mdomo wa filta ya hewa, na injini ikinyonya maji inaweza kupinda koni rodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni. Ukiwa nyuma ya lori, kaa mbali hadi kioo chako kiache kupata ukungu.

Kioo cha mbele kikirushiwa tope, bonyeza maji kwanza, waipa baadaye. Raba ya waipa ikiburuta mchanga mkavu inaacha upinde wa mikwaruzo ambao utauona kila usiku taa za gari linalokuja zikikupiga.

Ukitoka matopeni na kuingia lami, usukani ukaanza kutetemeka kwenye 70 au 80, usikimbilie kudhani boljoint, viungio vya magurudumu ya mbele, zimekufa. Simama mahali salama, piga mbao ndani ya rimu, upande wa ndani unaotazama injini. Risasi za balansi zinazopachikwa kwenye rimu huwa za gramu chache, 5, 10, 20. Donge la mfinyanzi la gramu 100 upande mmoja linatosha kabisa kutikisa gari. Likitoka donge, mtetemo unaisha. Hapohapo futa taa zote, vioo vya pembeni na namba za gari, maana namba isiyosomeka ni kesi na trafiki.

Mahali na wakati wa kuosha

Osha siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi, tope likiwa bado na unyevu. Saa bora ni kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, au jioni. Kwenye jua kali sabuni inakauka kabla hujaisuuza na kuacha mabaka.

Kushusha gari mtoni au kando ya ziwa ni rahisi, lakini ni kosa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, na oili ya uvungu wa gari ikishaingia Ziwa Tanganyika si rahisi kuitoa. Oshea kwenye changarawe au majani, maji yazame ardhini, mbali na kisima.

Kama huna mpira, tenga ndoo nane za lita 20: mbili za uvungu na fenda, mbili za kulowesha bodi, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa, mbili za mwisho. Bomba la mgongoni la lita 16, lile la wakulima wa tumbaku, linalowesha tope vizuri kwa maji kidogo. Liwe jipya, lisiwe limewahi kubeba dawa ya shamba.

Gari likitoka safarini lisubiri nusu saa hadi saa nzima. Maji baridi kwenye diski za breki zilizochemka yanaweza kuzipinda, na utakuja kuhisi pedeli ikicheza kila unapokanyaga.

Hatua ya 1: fenda na uvungu

Geuza usukani hadi mwisho upande mmoja ili fenda ya mbele ifunguke, halafu geuza upande wa pili. Chokoa madonge makubwa kwa mbao. Lita moja ya tope la mfinyanzi inakaribia kilo 2, kwa hiyo fenda nne zilizojaa ni mzigo wa kweli unaobebwa na shokapu zako bure.

Mahali pa kuingiza mkono ni mdomo wa fenda, pale bati linapokunjwa kwa ndani. Pitisha vidole vyote vinne kwenye mkunjo huo kuanzia mbele hadi nyuma. Utakuta kamba ya tope bichi imelala humo hata kama nje panaonekana safi. Fenda za nyuma huanza kutoboka hapo, na pia chini yake, penye makutano ya kizingiti na fenda. Toa kwa vidole, kisha mwaga maji hadi yatoke meupe.

Uvunguni lenga juu ya kava la injini, juu ya tangi la mafuta, juu ya mhimili wa nyuma, ndani ya mikono ya springi na ndani ya chasi zilizo wazi. Tope halikai upande wa chini unaouona ukiinama. Linakaa *juu* ya vitu hivyo. Mpira unaopuliza kwenda juu, ukilazwa chini ya gari na kuvutwa taratibu mbele na nyuma, unafanya kazi kuliko kijana mwenye brashi.

Mashine ya presha ni nzuri kwa fenda na chasi. Usiisogeze karibu na raba za kufunika sivijoint (viungio vya shafti zinazozungusha magurudumu), sili za beringi za magurudumu, viungio vya waya na sensa za ABS, ule mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga. Sili zimetengenezwa kuzuia maji yanayorushwa na barabara; maji ya presha yakilengwa kwa karibu yanapita. Beringi hailii siku hiyo, italia baada ya wiki kadhaa kwa mvumo unaopanda na mwendo, na hakuna atakayekumbuka kuosha.

Mkatalie pia anayetaka kukupulizia dizeli au oili chafu uvunguni "kuzuia kutu". Inavimbisha bushi na raba zote, halafu vumbi la Juni linaganda juu yake.

Hatua ya 2: rimu

Tumia brashi na kitambaa vya rimu peke yake, visiguse bodi tena. Safisha upande wa ndani wa rimu, si uso tu. Angalia kati ya diski na lile bati jembamba nyuma yake: kokoto ikinasa hapo inapiga kelele ya chuma kwa chuma inayotisha, na dawa yake ni kuichomoa kwa bisibisi bapa.

Hatua ya 3: kulowesha

Mwagia bodi maji kuanzia juu, presha ndogo, bila kugusa kitu. Subiri dakika 5 hadi 10. Mwagia tena. Tope la mbuga lililokauka litahitaji mara tatu, au funika sehemu hiyo kwa gunia lililoloweshwa ukapige chai. Tope litoke kwa maji. Kitambaa kije baadaye kuondoa utando tu.

Ukitumia mashine, mdomo wake ukae sentimita 30 au zaidi kutoka kwenye rangi, na upige kwa mshazari. Gari lililowahi kupigwa rangi upya libaki kwenye sentimita 50.

Hatua ya 4: sabuni

Vijiko viwili vya chakula vya shampuu ya gari kwa lita 10 za maji. Sabuni ya unga ya kufulia inaondoa nta yote uliyopaka Oktoba. Anza paa, vioo, boneti, sehemu ya juu ya milango. Vizingiti na bampa mwisho kabisa, kwa kitambaa kingine. Vuta kwa mistari iliyonyooka. Kila baada ya bati moja kitambaa kiende kwenye ndoo ya maji matupu, kikamuliwe, ndipo kirudi kwenye sabuni. Ukitazama chini ya ndoo ile ya maji utaona mchanga uliotulia, na bila ndoo hiyo ungekuwa unausugua kwenye mlango. Kitambaa kikianguka chini, kiweke kando.

Doa jekundu lililobaki kwenye rangi nyeupe lijaribu kwa siki nyeupe, sehemu moja kwa tano za maji, dakika mbili tatu, kisha suuza sana. Jaribu mahali padogo kwanza.

Hatua ya 5: kusuuza na kukausha

Fungua milango yote na buti, futa kingo, raba na bawaba, na shimo la mfuniko wa mafuta. Angalia matundu ya chini ya milango yanadondosha. Kausha kwa kitambaa cha maikrofaiba, halafu washa gari uzunguke kilomita mbili tatu ukikanyaga breki mara kadhaa kwa upole. Usilaze gari na hendibreki wakati dramu zimelowa, maana asubuhi shuu zinaweza kuwa zimegandana na dramu. Weka gia, au P, na jiwe nyuma ya tairi.

Injini na rejeta

Chumba cha injini hakihitaji kuoshwa kila wiki. Kikihitaji, injini iwe ya baridi, alteneta, boksi la fyuzi na mdomo wa filta vifunikwe kwa mifuko ya plastiki, na tumia brashi na kitambaa chenye unyevu. Injini nyingi za petroli zina plagi zilizozama kwenye visima juu ya injini. Maji yakiingia humo gari litaanza kukosa moto na utauziwa koili mpya wakati ya zamani haikuharibika.

Rejeta ina adui wawili. Wa kwanza ni tope linalokauka kati ya mapezi yake. Wa pili ni kumbikumbi. Mvua za kwanza za Novemba wanaporuka kwa maelfu usiku kufuata taa, safari moja ya saa mbili inaweza kuziba uso wote wa kondensa ya AC iliyo mbele ya rejeta, na mabawa yao yakichanganyika na tope yanatengeneza ukuta. Dalili: geji ya joto inapanda mlimani au kwenye foleni na kushuka ukikimbia, na AC inapoteza baridi. Injini ikipoa, mwagia maji ya mpira wa kawaida kutoka upande wa injini kwenda nje, uchafu urudi ulikoingilia. Mashine ya presha italaza mapezi. Kumbikumbi waliobaki kwenye bampa na kioo waloweshe kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni usiku huohuo, maana mafuta yao yakipigwa na jua la siku mbili yanaacha alama.

Filta ya hewa itoe uitazame kila wiki mbili. Yenye vumbi ipulizwe kutoka ndani kwenda nje. Iliyolowa na kukunjamana ibadilishe.

Baada ya maji marefu

Kama maji yalipita katikati ya gurudumu, kagua oili ya difu (boksi la gia kwenye mhimili) na ya gia boksi. Difu ikiwa ya moto na kuzamishwa ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kunyonya maji kupitia kipumulio au sili. Legeza nati ya kujazia, chovya kidole: oili yenye rangi ya chai ya maziwa imwagwe siku hiyo. Gari lenye nipeli lipigwe grisi hadi grisi chafu itoke na mpya ionekane. Kagua raba za sivijoint kwa kuzibinya. Mpasuko wa nusu sentimita unaingiza mchanga wa kutosha kuua joint, na sauti yake ni ka-ka-ka ukikata kona.

Ndani

Toa raba za miguuni, kisha bonyeza kapeti lenyewe kwa ngumi. Sponji iliyo chini yake inanyonya maji na kapeti juu inakauka, hivyo harufu ya uvundo inatoka mahali ambapo mkono hauoni unyevu. Inua kapeti, weka magazeti yaliyokunjwa, yabadilishe hadi yatoke makavu, acha milango wazi juani. Mkanda wa kiti uliojaa tope uvute wote nje, ubane usirudi, uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, na usiurudishe ukiwa umelowa.

Chumvi ya Uvinza, dagaa na mawese

Nchi za baridi humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na ndiyo inayotoboa magari yao. Sisi hatumwagi, ila tunaibeba. Pikapu inayopakia chumvi ya Uvinza kwenye mvua inapata kutu ya aina ileile: maji ya chumvi yanashuka kwenye maungio ya bodi na chasi na hayakauki, kwa sababu chumvi huvuta unyevu hewani. Tandika turubai chini ya magunia, na baada ya kushusha suuza kitanda na chasi kwa maji mengi matupu kabla ya sabuni yoyote. Dagaa waliotiwa chumvi wana tabia hiyohiyo, pamoja na harufu. Mawese yakimwagika, nyunyiza majivu au vumbi la mbao yanyonye kwanza, kwangua, halafu maji ya moto na sabuni ya vyombo.

Mei

Mvua zikikatika, pandisha gari kwenye jeki na stendi imara, toa magurudumu yote manne, fungua dramu za nyuma ufute vumbi la shuu kwa kitambaa chenye unyevu, bila kulipuliza, huku umefunga pua na mdomo. Toa plastiki za fenda zilizobanwa; nyuma yake utakuta tope la msimu mzima limekauka. Penye kutu kwangua kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, futa kwa tina, paka rangi ya msingi ya kuzuia kutu mikono miwili, ya pili baada ya ile ya kwanza kukauka, kisha rangi ya juu. Acha saa 24 kabla ya kurudisha plastiki na kulitoa gari barabarani.